Njiti ya kiberiti, rula na tochi: jinsi ya kupima mwenyewe kama tairi na pedi za breki zimeisha

Chukua kiberiti, toa njiti kumi, zipange ubavu kwa ubavu juu ya rula ya mwanafunzi. Zitafika sentimita mbili, au karibu sana na hapo. Yaani njiti moja ina unene wa milimita 2 hivi, na hicho ndicho kipimo nitakachotumia kuanzia hapa mpaka mwisho.

Nasisitiza kupima kwa sababu tairi na breki haziishi kwa siku moja. Zinapungua taratibu, na mguu wako unazoea taratibu vilevile: unaanza kukanyaga mapema kidogo, kwa nguvu kidogo zaidi, wala hujui kama umebadilika. Anayegundua ni yule uliyemwazima gari siku moja, akarudisha funguo huku anakuuliza, "Ndugu yangu, hizi breki zako vipi?" Ukienda gereji, majibu huwa mawili: "bado bado zipo" au "badilisha zote, bosi". Lolote kati ya hayo linaweza kuwa kweli. Ukiwa na namba yako mkononi, utajua lipi ni la kweli leo.

Mifano nitaitoa kwenye gari dogo la Kijapani, IST, Vitz, Raum, Premio na wenzake, kwa kuwa ndiyo yaliyojaa barabarani kwetu Dar na mimi mwenyewe naendesha IST. Gari lako likiwa kubwa zaidi, kazi ni ileile.

Andaa kiberiti, rula, tochi ya simu, kipimo cha upepo, kitambaa, mawe mawili makubwa, na jeki na spana ya magurudumu iliyokuja na gari. Fanya kazi hii asubuhi kabla gari halijatembea. Nusu saa hadi saa moja inatosha.

Hatua ya 1: Soma mwaka wa kuzaliwa wa tairi

Anza na umri, maana ndiyo unaosahaulika kuliko vyote. Kwenye ubavu wa tairi tafuta herufi DOT. Zinafuatwa na mlolongo wa herufi na namba, na mwisho kabisa kuna tarakimu nne, mara nyingi ndani ya kiduara kirefu kama yai. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Usilipande hata kwenda sokoni.

Tarakimu hizi nne zinaweza kuwa upande mmoja tu wa tairi. Ukiona DOT imekatika bila tarakimu za mwisho, basi ziko upande wa ndani. Kwa tairi za mbele, kata usukani mpaka mwisho, zunguka, umulike kwa tochi kutokea nyuma ya tairi. Kwa za nyuma itabidi ulale chini kidogo. Hapa ndipo nilipowahi kuuziwa mbili za mtumba, nyeusi ti, zinang'aa kama viatu vya mwanafunzi Jumatatu, kashata (yale manundu ya mpira yanayokanyaga barabara) nene. Nikalipa, zikafungwa, nikaondoka. Wiki mbili baadaye nikamulika upande wa ndani nikasoma 4012. Tairi la mwaka 2012! Weusi ule ulikuwa wa dawa ya kupaka.

Mpira unazeeka hata ukikaa stoo. Joto, jua na hewa vinaukausha, unakuwa mgumu, na tabaka za ndani zenye nyuzi za chuma zinaanza kuachana. Tairi la namna hiyo linatembea mjini bila tatizo, halafu linavuka ngozi siku unapoenda kilomita 100 kwa saa, watu watano ndani na mizigo nyuma. Kampuni nyingi za magari zinashauri kubadilisha tairi likifika miaka 6 hata kama kashata zipo. Kampuni kadhaa kubwa za matairi zinakubali mpaka miaka 10, kwa sharti kwamba baada ya mwaka wa 5 likaguliwe kila mwaka. Mimi gari langu linalala juani, kwa hiyo nafuata miaka 6 bila kubishana na mtu.

Usisahau la akiba kule kwenye buti. Mengi yako pale tangu gari lilipotoka Japani.

Hatua ya 2: Pima kina cha kashata

Tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha milimita 7 hadi 8. Ndani ya mifereji mikuu kuna vituta vidogo vinavyokatiza, na mahali vilipo pameonyeshwa kwa herufi TWI au kipembetatu kidogo kwenye bega la tairi. Tairi za Michelin zina kale kamtu kao kanene ka nembo badala ya pembetatu. Vituta hivyo vina kimo cha milimita 1.6, ambacho ndicho kiwango cha chini kisheria kwenye nchi za Umoja wa Ulaya na nyingine nyingi. Kashata zikilingana na kituta, tairi limekufa.

Sasa leta njiti. Ilaze ndani ya mfereji, mbali na kituta na mbali na vijiwe. Kama kashata zimeizidi njiti kwa mbali, sawa. Njiti ikilingana na kashata au ikachomoza, umebakiwa na milimita 2 au pungufu, na jibu umelipata. Ukitaka namba kamili, isimamishe njiti mpaka iguse chini ya mfereji, bana kwa ukucha pale inapolingana na uso wa tairi, itoe uiweke kwenye rula.

Mimi huanza kutafuta hela ya tairi zikifika milimita 3. Kazi ya mifereji ni kukamua maji, na mfereji wa milimita 2 haukamui kitu masika yakianza Machi na barabara ya Morogoro ikijaa maji pale Jangwani. Gari linapanda juu ya maji, usukani unakuwa mwepesi ghafla kama umekatika, na breki unayokanyaga haina cha kushika. Kiangazi kizima tairi hilohilo halikukuletea shida yoyote, ndiyo maana watu wanakuwa wabishi.

Pima sehemu tatu kwa upana: ukingo wa ndani, katikati, ukingo wa nje. Kisha sogeza gari kidogo upime tena upande mwingine wa duara. Zile tofauti unazopata zina habari nyingi kuliko wastani wake.

Zikiwa zimeisha katikati kuliko pembeni, umekuwa ukijaza upepo kupita kiasi. Zikiisha pembeni zote mbili na katikati zikabaki, upepo ulikuwa mdogo, na hili ndilo baya zaidi, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo linakunjika na kupata joto, na ndilo linalopasuka safarini mchana wa jua kali. Zikiisha upande mmoja tu, hasa wa ndani, gari linakula tairi: alaimenti (unyoofu wa magurudumu) imepotea, au bushi, bol jointi au tairodi, viungo vinavyoshika gurudumu, imelegea. Tembeza kiganja juu ya tairi kwenda na kurudi. Ukihisi laini ukienda na makali kama msumeno ukirudi, hiyo nayo ni alaimenti. Na ukikuta mabonde mabonde, pameliwa hapa, pale pamebaki, angalia shokapu. Kufunga tairi mpya bila kurekebisha chanzo ni kununua tairi mbili leo na nyingine mbili kabla ya mwaka kwisha.

Ukingo wa ndani ndio unaodanganya watu. Umesimama nje unaona kashata safi, kumbe upande wa ndani nyuzi za chuma zimeshaanza kuchungulia. Kata usukani, mulika.

Kuna ujanja mwingine wa mitaani: tairi lililochongwa. Kipara kinachukuliwa, kinakatwa mifereji mipya kwa kisu cha moto, kinapakwa dawa, kinauzwa. Kinachokatwa pale ni ule mpira mwembamba uliobaki kulinda nyuzi. Utalitambua kwa mifereji isiyo na vituta vya TWI, na chini yake hapako sawa, kumepanda na kushuka kama shamba la jembe la mkono. Yapo matairi yaliyotengenezwa ili yachongwe, yameandikwa REGROOVABLE, lakini hayo ni ya malori na mabasi. La gari dogo halichongwi.

Hatua ya 3: Ubavu

Hapa hakuna kupima. Nundu kwenye ubavu, hata ndogo kama limau, inaonyesha nyuzi za ndani zimekatika, mara nyingi baada ya kugonga shimo au ukingo wa barabara, na kinachozuia upepo ni mpira mtupu. Tairi hilo linatoka leo. Hali kadhalika mpasuko unaoonyesha nyuzi. Vinyufa vidogo vyembamba kama vya udongo uliokauka vinakuambia mpira umezeeka. Rudi usome tarakimu zako nne. Pancha ya kwenye kashata inazibika. Ya ubavuni haizibiki, hata fundi akikuapia.

Hatua ya 4: Angalia kama bado unatembelea tairi za theluji

Hili ni letu sisi tunaoagiza magari Japani. Gari likitoka mikoa ya baridi kule, linaweza kufika bandarini limevaa tairi za msimu wa theluji. Ubavuni zimeandikwa STUDLESS, na kashata zake zimejaa michirizi myembamba ya mawimbi kama ya kisu. Mpira wake ni laini makusudi, ili ushike barafu. Kwenye lami ya moto ya Dodoma unaisha haraka, na gari linayumba kidogo kwenye kona kama limevaa kandambili. Tairi za aina hii zina vituta vya aina mbili. Vile virefu vinaonyesha zimefika nusu na hazifai tena kwa theluji, usivichanganye na TWI. Mtu akiniuliza abadilishe lini, namwambia zikianza tu kupungua usinunue nyingine kama hizo, na kabla ya safari ndefu ya kwanza afadhali uzitoe.

Hatua ya 5: Upepo

Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo ya mlango. Kuna karatasi ya Kijapani. Maandishi yaache, soma namba. 220 kPa ni sawa na 32 kwenye kipimo cha psi, 230 ni 33. Hiyo ndiyo namba ya gari lako tairi likiwa baridi. Fundi pancha atakuuliza "nikujazie arobaini?" kwa kuwa amezoea. Mwambie namba yako. Ile iliyoandikwa kwenye tairi lenyewe ni ukomo wa juu.

Hatua ya 6: Chungulia pedi bila kufungua

Tukija kwenye breki, nianze na kosa langu. Gari lilianza kulia mbele kulia, mlio mwembamba kama wa filimbi, nikiwa kwenye foleni kati ya Kimara na Mbezi. Nikaegesha, nikachungulia kwenye matundu ya rimu, nikaona pedi ya nje nene kabisa. Nikaridhika, nikaongeza sauti ya redio. Wiki ya tatu mlio ukageuka mkwaruzo. Kufungua, pedi ya nje ilikuwa nusu, ya ndani imebaki bati tupu, na diski imechimbika kama sahani ya santuri. Pini za kalipa, kile kibanio kinachoshika pedi, zilikuwa zimeganda kwa kutu, hivyo pedi ya ndani ndiyo iliyokuwa inafanya kazi peke yake. Badala ya pedi nikanunua pedi, diski na pini.

Kwa hiyo chungulia, ndiyo, lakini ujue unachokiona. Mulika kati ya matundu ya rimu. Utaona diski, duara la chuma linalong'aa, na juu yake kalipa imeibana kama koleo. Kati ya kalipa na diski kuna bati la chuma la pedi, na mbele yake, linalogusa diski, ni dongo la breki lenyewe. Pima dongo peke yake, bila bati. Pedi mpya ina dongo la milimita 10 hadi 12, yaani njiti tano au sita. Njiti moja na nusu, milimita 3, ni wakati wa kubadilisha. Njiti moja: usisafiri nalo. Pedi nyingi zina mfereji katikati ya dongo. Mfereji ukiwa umekaribia kufutika, pedi imeelekea mwisho.

Kisha kata usukani mpaka mwisho, uchungulie pedi ya ndani kutokea nyuma, au kupitia dirisha dogo lililo juu ya kalipa. Usipoiona vizuri, usikisie. Fungua gurudumu.

Hatua ya 7: Fungua gurudumu

Gari liwe mahali tambarare pagumu, handbreki juu, gia kwenye P, mawe mbele na nyuma ya tairi ambayo hutayainua. Legeza nati gari likiwa bado chini, nusu mzunguko tu, ndipo upige jeki pale penye alama chini ya kizingiti cha mlango. Gurudumu likitoka, lilaze chini ya kizingiti. Jeki ikiteleza gari litaangukia gurudumu. Usiingize kichwa wala mwili chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Sasa angalia pedi zote mbili, juu na chini. Zikipishana sana, au moja ikiwa imeliwa kama kabari, pini au pistoni (ile inayosukuma pedi) imekwama, na pedi mpya bila kutibu hilo zitaisha vilevile. Tafuta ulimi mwembamba wa bati uliojikunja kwenye moja ya pedi. Huo ndio uliokuwa unanilia. Umewekwa ili dongo likipungua uguse diski na kupiga filimbi. Fundi asiyeelewa anaukunja au anaung'oa, kelele inakwisha, mteja anashukuru.

Pitisha kucha juu ya diski. Michirizi midogo ni ya kawaida. Kucha ikikwama kwenye mfereji, au pembeni kumebaki ukingo mrefu, diski imeliwa. Kwenye diski nyingi kumegongwa maneno MIN TH na namba, kwa mfano 20 mm. Huo ni unene wa chini kabisa unaoruhusiwa. Mtu akikuambia utachongesha tu itakuwa sawa, muulize baada ya kuchonga itabaki milimita ngapi.

Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Pedi nyingine hazijulikani zimetengenezwa kwa nini, na vumbi lake halifai mapafuni. Tumia kitambaa chenye maji.

Nyuma, IST na Vitz nyingi zina dramu. Huko hakuna cha kuchungulia. Viatu vya breki viko ndani ya dramu na lazima ifunguliwe. Handbreki inayopanda juu kuliko zamani ni ishara ya mwanzo. Ukifungua, dongo likiwa chini ya njiti moja, badilisha. Ukikuta unyevunyevu ndani ya dramu au upande wa ndani wa tairi, silinda ya breki inavuja, na hiyo haisubiri.

Hatua ya 8: Soma chupa ya fluidi ya breki

Chini ya boneti, upande wa dereva, kuna kichupa chenye alama MAX na MIN. Pedi zinavyoisha, pistoni zinasogea nje na fluidi inashuka kuzifuata. Kwa hiyo fluidi iliyoshuka polepole mara nyingi ni pedi zinazokuambia zimepungua. Ukiijaza kila mara, umeifunga mdomo ishara, na siku ya kufunga pedi mpya pistoni zikirudishwa ndani itamwagika na kubabua rangi ya gari. Ikishuka ghafla, hapo ni kuvuja. Taa ya handbreki ikiwaka ukiwa umeshaishusha, hasa kwenye kona au tuta, ndiyo hiyo fluidi inakaribia chini.

Kifuniko kitakuambia ni DOT 3 au DOT 4. (Ndiyo, ni DOT ileile ya kwenye tairi, wizara ya usafirishaji ya Marekani.) Fluidi hii inanyonya unyevu wa hewani, na Dar unyevu tunao wa kutosha. DOT 3 mpya inachemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji inaweza kushuka mpaka 140. Ibadilishwe kila miaka miwili. Mtu akikuongezea oili ya injini au ya usukani kwenye kichupa hicho, mpira wote wa ndani utavimba, na utanunua mfumo mzima.

Hatua ya 9: Sikiliza, lakini mwisho

Nimeiweka huku makusudi, kwa kuwa wengi huanzia hapa na kuishia hapa. Mkwaruzo wa asubuhi baada ya mvua unaoisha ukikanyaga mara mbili tatu ni kutu ya usiku kwenye diski, achana nao. Filimbi inayoendelea ni ule ulimi wa bati. Chuma kwa chuma, simamisha gari. Gari likivuta upande mmoja ukikanyaga, kalipa moja haifanyi kazi au pedi zimelowa mafuta. Pedali ikitetemeka chini ya mguu kwenye mwendo mkubwa, diski haziko sawa. Pedali laini kama sponji ina upepo kwenye mabomba. Pedali inayozama taratibu ukiwa umesimama kwenye taa haina mjadala, gari halitembei mpaka lipate fundi.

Na stika ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo, ile ya ukaguzi wa polisi, inaeleza gari lilivyokuwa siku ya ukaguzi, si lilivyo leo.

Hatua ya 10: Kununua na kusimamia kazi

Pedi zinabadilishwa kwa ekseli: mbele zote mbili, kulia na kushoto, hata kama upande mmoja bado. Nenda dukani na namba ya chasisi na pedi moja ya zamani, uzilinganishe umbo, matundu na ule ulimi. Bati liwe limenyooka, dongo lisimeguke ukilikwaruza kwa ukucha.

Fundi akifanya kazi, kaa karibu. Kalipa isining'inie kwa bomba lake. Ifungwe kwa waya. Pini zitolewe, zisafishwe, zipakwe grisi ya breki inayostahimili joto, na grisi isiguse dongo wala diski. Na kabla gari halijasogea hata hatua moja, pedali ikanyagwe mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Pistoni zimerudishwa ndani, kwa hiyo mkanyago wa kwanza unaenda mpaka chini bila kushika kitu. Wapo waliogonga ukuta wa gereji kwa kusahau hilo.

Tairi nunua kwa namba iliyo ubavuni. 185/65R15 88S ni upana wa milimita 185, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 15, uzito wa kilo 560 kwa tairi, na mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa. Usishuke chini ya ile 88. Ukinunua mbili tu, mpya zifungwe nyuma. Fundi atakubishia, kwamba mbele ndiko kunakoliwa, na kuhusu kuliwa yuko sahihi. Lakini mbele ikiteleza utaisikia kwenye usukani na ukipunguza mwendo itarudi. Nyuma ikiteleza kwenye maji gari linageuka, na dereva wa kawaida hana muda wa kulirudisha. Mwombe akuonyeshe tarakimu nne kabla hajafunga, na baada ya kilomita 50 hadi 100 rudia kukaza nati kwa mtindo wa nyota, moja kisha ile inayoikabili.

Pedi mpya zinahitaji kulazwa, yaani kuzoeshwa na diski taratibu. Tafuta barabara tulivu, nenda kilomita 60 kwa saa, kanyaga kwa uzito wa wastani mpaka ishuke 15, achia, tembea kidogo zipoe, rudia mara kumi bila kusimama kabisa. Usizipeleke siku hiyohiyo Kitonga. Na siku utakaposhuka Kitonga ukitoka Iringa, weka gia ya 2 au L kabla mteremko haujaanza, breki iwe ya kukanyaga na kuachia. Pedi nzima kabisa, ukizikalia kutoka juu mpaka chini, zinapata moto mpaka zinaacha kushika, nyuma yako kuna lori la mzigo lenye shida hiyohiyo.

Mwisho, andika. Mimi nina kijidaftari kwenye droo ya dashibodi, pamoja na kiberiti. Kilomita 82,000, pedi ya ndani mbele kulia milimita 9. Kilomita 97,000, milimita 6. Zimeliwa 3 kwa kilomita 15,000, yaani moja kwa kila 5,000. Kufika 3 zimebaki kilomita 15,000 nyingine, lakini nikifika 107,000 nitafungua tena.